Fundi maiko anakula kazi zetu: tunashindana naye vipi bila kuwa kama yeye

Kila tukikutana mafundi wa kupaua hapa Iringa, iwe Mlandege, iwe Kihesa, iwe kule Mafinga tukisubiri mbao zipakiwe, malalamiko ni yaleyale: fundi maiko, yule mlipuaji anayefanya kazi ovyo kwa bei ya chini, anatunyang'anya wateja. Umeenda saiti, umepima nyumba kona kwa kona, usiku umekaa umepiga hesabu ya mbao na bati na misumari, umempelekea mteja bei yako ya ufundi, anakwambia sawa fundi nitakucheki, halafu wiki inayofuata unapita pale unakuta watu wengine wako juu ya ukuta wanapigilia na bei waliyochukua ni nusu ya ile uliyotaja wewe. Na mbaya zaidi unawajua. Unajua nyumba waliyoezeka mwaka juzi kule Kitwiru imekuwaje.

Hapo wenzetu wengi wanafanya moja kati ya mawili. Kuna wanaosema basi na mimi nashusha, nitakula hukohuko kwenye vifaa, na taratibu wanageuka walewale waliokuwa wanawalalamikia. Na kuna wanaoacha ufundi kabisa, wanahamia bodaboda au wanarudi shamba kulima viazi. Wote wawili nawaelewa ila nafikiri kuna njia ya tatu na ndiyo nataka kuiandika leo kwa urefu, kwa sababu naiona inafanya kazi kwangu na kwa mafundi wengine kadhaa ninaowaheshimu hapa mkoani.

Kwanza tuelewe kwa nini fundi maiko anashinda. Watu wanasema wateja wanapenda vya bei rahisi, mimi naona hilo ni jibu la haraka. Siku ya kukabidhi, paa la fundi mzuri na paa la mlipuaji yanafanana. Bati zote zinang'aa, kofia imekaa juu, fisha bodi imepigwa rangi. Tofauti yote iko ndani: mbao ilikuwa kavu au mbichi, wolpleti ile inayolala juu ya ukuta imefungwa kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya ukuta, au imelazwa tu, kiungo cha kenchi, zile mbao za pembetatu zinazobeba bati, kina misumari ya kutosha au miwili tu kama ya kutundikia picha. Dari ikishapigwa hakuna anayeviona tena. Sasa mteja anaangalia vitu viwili vinavyofanana, kimoja laki sita kingine milioni na laki mbili. Kuchukua cha laki sita siyo ujinga, ni hesabu ya mtu ambaye hajaonyeshwa tofauti.

Kuna mchumi wa Marekani anaitwa George Akerlof, mwaka 1970 aliandika juu ya hili kwa mfano wa magari ya mtumba. Muuzaji anajua gari lake zima au bovu, mnunuzi hajui, kwa hiyo mnunuzi anatoa bei ya wasiwasi, bei ya katikati. Mwenye gari zima anaona bei hiyo haimlipi, analitoa gari lake sokoni. Zinabaki mbovu, wanunuzi wanazidi kuogopa, bei inazidi kushuka, wazuri wanazidi kuondoka. Mwaka 2001 alipewa Nobel ya uchumi pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz, na huyo Spence ndiye aliyeonyesha upande wa pili, kwamba mtu mzuri anaweza kujitofautisha kwa ishara, ila ishara yenyewe lazima iwe kitu ambacho mbaya akijaribu kukiiga kinamuumiza mfukoni. Mimi niliposoma hayo niliona wanaongelea mtaa wangu.

Maana maneno hayatutofautishi. Mimi nikisema "kazi yangu ni ya uhakika", na yule naye anasema hivyohivyo, tena kwa sauti kubwa kuliko mimi. Picha za nyumba nzuri kwenye simu? Anazo, kazitoa mtandaoni. Kwa hiyo kinachobaki ni kutoa ahadi ambazo mlipuaji akizitoa anapata hasara, na kuonyesha kazi wakati bado iko wazi, kabla haijafunikwa.

Lakini kabla ya hapo kuna jambo mteja lazima aambiwe, na tumwambie bila aibu: ile bei ya nusu inatoka wapi. Hakuna fundi anayeweza kupaua nyumba ya vyumba vitatu na vijana wake kwa hela ambayo haitoshi hata chakula cha hao vijana. Anayetaja bei hiyo anajua atakapoirudishia. Anaandika bati za ziada ambazo hazihitajiki, zinazobaki zinaondoka usiku. Anamwelekeza mteja duka fulani la vifaa, na kule kuna chake kwa kila kitu kinachonunuliwa. Mbao zinaandikwa za dawa zinakuja za kawaida, tofauti inagawanywa. Chukua mfano tu wa hesabu, vifaa vya paa ni milioni nane, mtu akila asilimia kumi na tano kwenye vifaa hiyo ni milioni moja na laki mbili, yaani ameshalipwa bei yako yote ya ufundi na bado laki sita za mteja ziko mfukoni. Mteja anadhani kaokoa laki sita kumbe yeye ndiye kalipa zaidi, na paa lenyewe ndiyo hilo.

Kwa hiyo mimi kitu cha kwanza, sinunui vifaa vya mteja. Naandika orodha, kila kitu na idadi yake na kipimo chake, mteja anaenda kununua mwenyewe au anamtuma ndugu anayemwamini, duka analotaka yeye, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, inatoka kwa jina lake, na vikifika saiti tunahesabu wote wawili tunasaini. Vikibaki ni vyake. Na namwambia mapema kwamba wenye maduka wengine watampigia simu fundi kumuahidi kitu kidogo, na kwamba kama kuna punguzo litoke kwenye bei yake. Wenzangu wananiambia najinyima hela. Ndiyo, najinyima hiyo, lakini nikishasema hivyo bei yangu ya ufundi inaeleweka ghafla, mteja anaona kumbe hii ndiyo bei kamili hakuna nyingine imejificha, na akienda kwa yule wa laki sita akamwambia nataka ninunue vifaa mwenyewe, mara nyingi yule bei yake inapanda palepale au anaanza kukwepa.

Sasa kwenye mbao nitakaa kidogo kwa sababu huku kwetu ndiko mbao zinakotoka na bado watu wa huku tunauziwa mbao mbovu kuliko watu wa mbali. Sao Hill pale Mufindi ndiyo shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali nchini, na ukiongeza mashamba ya watu binafsi Mufindi, Kilolo na Njombe, paini imejaa kila kilima. Tatizo ni kwamba miti mingi ya watu binafsi inakatwa ikiwa michanga. Mtu ana ada ya shule, ana msiba, anauza shamba la miti lina miaka minane au kumi wakati paini ya mbao nzuri inatakiwa ifike kwenye kumi na nane na kuendelea. Mti mchanga mbao yake ni nyepesi, haina nguvu, ikikauka inajipinda. Halafu inapasuliwa kwa zile mashine ndogo za dingdong porini, upande mmoja mnene upande mwingine mwembamba, na wiki hiyohiyo iko barabarani inauzwa mbichi inadondosha maji.

Ukipaua kwa mbao mbichi zitakaukia hukohuko juu ya nyumba. Mbao inasinyaa, tundu la msumari linalegea, kiungo kinacheza, na baada ya mwaka mmoja ukisimama barabarani unaona bati zinapiga mawimbi. Hapo mteja anamlaumu mwenye kiwanda cha bati.

Na kipimo. Mbao inaitwa 2 kwa 4, weka tepu, unakuta moja na robo tatu kwa tatu na nusu. Mteja anasema si kidogo tu hiyo fundi. Siyo kidogo. Nguvu ya mbao kubeba mzigo ikiwa imesimama inaenda na upana wake, zidisha kimo, zidisha kimo tena. Mbao kamili ni 2 mara 4 mara 4, unapata 32. Hiyo nyingine, moja na robo tatu mara tatu na nusu mara tatu na nusu, unapata 21 na kitu. Imepotea theluthi nzima ya nguvu na bei umelipa kamili. Hesabu hii naifanya mbele ya mteja kwenye simu yake mwenyewe, kikokotoo chake, siyo changu. Inachukua dakika mbili na sijawahi kuona mteja aliyeifanya kwa mkono wake akaendelea kuongelea bei kwa namna ileile.

Mbao za dawa nazo zina mchezo. Dawa ya kweli, ile yenye shaba, kromiamu na aseniki, inaingizwa kwenye tanki kubwa la chuma: mbao kavu zinafungiwa ndani, hewa inanyonywa, halafu dawa inasukumwa kwa presha mpaka inaingia ndani ya mbao. Lazima mbao iwe kavu kwanza, maana mbao iliyojaa maji haina nafasi ya kupokea dawa. Ya uongo wanachovya kwenye pipa au wanapaka tu maji ya kijani. Kwa nje zote kijani.

Kuna mama mmoja, mwalimu mstaafu, alikuwa anajenga Mkimbizi kwa kiinua mgongo chake, alinichukua tukaenda kuangalia mbao kwenye yadi moja hapa mjini. Akaniambia, "Mwanangu mbona unanichelewesha, mbao si hizi hapa, kijani kabisa, na bei nzuri." Nikamwomba yule kijana wa yadi msumeno. Hakutaka. Nikamwambia mama, shikamoo mama yangu, lipia hii moja tu, tukate katikati, ikiwa nzima ni mali yako. Akalipa. Siyo kwenye ncha maana kwenye ncha dawa hata ya kuchovya inazama kidogo, nilikata katikati kabisa. Kijani ilikuwa milimita moja hivi kwa nje, ndani nyeupe, na vumbi la msumeno limelowa linashikamana kwenye vidole. Mama akakishika kile kipande akakigeuza, akakigeuza tena, akauliza, "Kwa hiyo hii ni rangi?" Yule kijana akasema mama hizo ndizo zinanunuliwa na kila mtu. Mama akakitia kile kipande kwenye mkoba akatoka. Mbao tulipata kwingine kwa bei ya juu zaidi, akalipa bila kuniuliza tena, na kile kipande amekionyesha watu kanisani kwao na kwenye kikoba chao, nimepata kazi kwa watu ambao kitu cha kwanza wanachoniambia ni "wewe ndiye yule wa kukata mbao?"

Hiyo ndiyo ninayosema kuonyesha. Sikumwambia neno baya juu ya fundi yeyote wala yadi yoyote. Msumeno umesema.

Na hapohapo nimwambie msomaji kitu ambacho fundi wengi hawasemi: vipande vinavyobaki vya mbao ya dawa usivipeleke jikoni. Aseniki iko ndani na moshi wake ni sumu, majivu yake ni sumu. Nimeona saidia fundi wanakusanya vipande wanapeleka nyumbani kupikia maharage na wenye nyumba wanafurahia kuni za bure. Mimi vijana wangu nimewakataza na wateja nawaambia, tunachimbia chini mbali na kisima. Fundi akikwambia jambo kama hilo ambalo halimwingizii shilingi, unaanza kumsikiliza na kwenye mengine.

Sasa ahadi. Ahadi ninayoitumia zaidi ni hii: kwenye bei yangu ya ufundi, sehemu moja ya kumi mteja anakaa nayo mpaka mvua za kwanza zipige. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba mpaka Aprili hivi, kwa hiyo nikimaliza Septemba mteja anaishika miezi miwili mitatu. Mvua ikinyesha vizuri, tukapanda juu tukaangalia hakuna tone, ananilipa. Likivuja narekebisha kwa gharama yangu ya ufundi halafu ananilipa. Tunaandikishana, kila mmoja na shahidi wake, na kwa kazi kubwa tunapita ofisi ya serikali ya mtaa mwenyekiti anagonga muhuri. Wakandarasi wakubwa wanafanya hivi siku zote kwenye mikataba yao, hela inazuiliwa mpaka kipindi cha matazamio kiishe, sijui kwa nini sisi wa mtaani tuliona siyo yetu.

Fundi anayelipua hawezi kuitoa hiyo ahadi. Akiitoa anajua hela hiyo hataiona. Na hapo mteja hahitaji kujua chochote kuhusu kenchi, anahitaji kuwauliza mafundi wawili swali moja tu: utakubali nikae na sehemu ya hela yako mpaka mvua inyeshe? Atazame usoni.

Najua kuna wenzangu watasema wateja nao siyo malaika, wengine watashika hela wasilipe. Kweli. Ndiyo maana ni sehemu ya kumi siyo nusu, na ndiyo maana ya maandishi na shahidi. Na hela ya awamu zilizotangulia lazima ilipwe kwa hatua: kuanza, kenchi zikisimama, bati zikiisha. Hatua ya kenchi ikiisha haijalipwa, bati hazipandi. Mteja mbovu unamjua kwenye awamu ya kwanza, mapema kabla hajakutia hasara kubwa.

Halafu kuna wateja walio mbali, na hawa ndio wengi sasa hivi. Mtu anafanya kazi Dar au Dodoma, anajenga kwao Ifunda, Kilolo au Tanangozi, anategemea kaka yake asimamie na kaka yake hajui kitu. Huyu ndiye chakula cha fundi maiko, lakini pia ndiye mteja bora kabisa kwa fundi mwaminifu kama utamfungulia kazi yake aione. Mimi kila jioni namtumia picha kwa WhatsApp, na siyo picha ya nyumba kwa mbali. Picha ya mbao na tepu juu yake namba inasomeka. Picha ya ile nondo ya milimita 6 iliyoachwa na mwashi ikichomoza kwenye lenta, imekunjwa juu ya wolpleti na kukazwa. Hiyo nondo ni kitu kidogo sana, inatakiwa iwekwe kabla zege halijamwagwa, kwa hiyo lazima fundi wa paa aonane na mwashi mapema, na ndiyo inayozuia upepo wa huku usinyanyue paa zima na mbao zake. Iringa upepo tunaujua wote. Picha ya kiungo cha kenchi kwa karibu misumari ihesabike. Picha ya msumari wa bati umepigwa kwenye mgongo wa bati na raba yake, siyo kwenye mfereji unakopita maji. Video fupi ya dari kabla haijafungwa, chumba kwa chumba. Namwambia zihifadhi, siku ukitaka kuuza nyumba au ukigombana na mtu una ushahidi.

Kaka mmoja aliniambia, "Nilikuwa nalipa nauli kutoka Dodoma kila mwisho wa mwezi kuja kuangalia, sasa nimeacha." Hiyo nauli yake ndiyo tofauti ya bei yangu na ya maiko, na yeye kaipigia hesabu mwenyewe.

Bei nayo tusiikimbie. Kuna watu kweli hawana hela, siyo kwamba wanabana. Ukimwambia mjane mwenye milioni tatu kwamba bila milioni nane hakuna paa, umemsukuma mwenyewe kwa mlipuaji. Punguza kazi, usipunguze ubora. Ramani nyingi siku hizi ni msauzi yenye kona nyingi, au ile ya kuficha bati nyuma ya ukuta, na kila kona ni mfereji, kila mfereji ni mbao za ziada na mahali pa kuvujia. Nyumba ileile ukiipaua mgongo wa tembo, pande mbili tu, mbao zinapungua, bati zinazokatwa na kutupwa zinapungua, siku za kazi zinapungua. Hapo nampa mteja bei mbili kwenye karatasi moja: hii ndiyo ramani yako ilivyo, hii ndiyo ikirahisishwa, na zote mbili mbao ni kavu na kipimo kamili. Bati pia, kumbuka geji namba ikipanda bati linakuwa jembamba, kwa hiyo 28 ni nene kuliko 30 na 30 kuliko 32, na bora nyumba ndogo ya geji 28 kuliko kubwa ya 32 iliyobandikwa stika ya 30. Mara nyingi ile bei ya pili inakaribia ya maiko na mtu anapata kitu cha maana. Huko ndiko tunakoweza kumshinda hata kwa bei, kwa sababu yeye hajui kuchora wala kurahisisha, anajua kupunguza misumari.

Sasa niseme jambo litakalowaudhi wenzangu. Mafundi wengi wazuri ni waaminifu kwenye mbao na waongo kwenye muda. Mtu mikono yake ni dhahabu lakini anashika saiti nne kwa mpigo, anachukua advansi huku anaenda kuanza kule, simu haipokei, anasema nakuja kesho, kesho yenyewe ni Alhamisi ya wiki ijayo. Mteja anateseka, mbao zinalowa, mwisho anamchukua yule maiko kwa sababu moja tu, anapokea simu na anafika saa moja asubuhi. Na ana haki. Uaminifu mteja anaouona siku ya kwanza ni muda, mengine yote anayaona baadaye. Bora umwambie mtu siwezi mpaka tarehe fulani, na kama hawezi kusubiri umpe namba ya fundi mwingine mzuri. Sisi kundi letu dogo, mimi, mwashi mmoja, fundi umeme na fundi bomba, tunapeana kazi hivyo na sheria yetu ni moja, uliyempeleka akiharibu wewe pia unarudi kwa mteja. Hakuna kamisheni. Hiyo imetupa kazi nyingi kuliko bango lolote.

Suala la vyeti. Kuna watu wanadhani dawa ya fundi maiko ni kuzuia kila asiye na cheti. Siamini hivyo kabisa. Mzee aliyenifundisha kupaua kule Kilolo hakuwa na karatasi yoyote na kenchi zake zimesimama mpaka leo, na nimeona mwenye cheti amelipua kazi mchana kweupe. Ila cheti kina kazi yake, kinafungua milango ambayo sifa za mtaani hazifungui. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ambayo ipo kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini bila kupita chuo: unafanyiwa tathmini kwa vitendo, unaonyeshwa unapopungukiwa, unapata mafunzo ya kujazia hapo halafu unapewa cheti. Kama umejifunzia kwa mzee kama mimi, nenda ukaulize chuo cha VETA kilicho karibu. Kwenye kazi za serikali kinasaidia. Mwaka 2021 yalipojengwa madarasa 15,000 nchi nzima kwa ule mkopo wa IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, wa shilingi trilioni 1.3, kazi nyingi zilifanywa na mafundi wa kawaida kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani bila mkandarasi mkubwa, na bado shule na zahanati nyingi zinajengwa hivyo. Kamati inakaa, inaangalia majina, ramani na orodha ya vifaa zinatoka kwa injinia wa halmashauri na yeye anakuja kukagua. Kazi ya namna hiyo mlipuaji anabanwa, kipimo kimeandikwa na vifaa havipiti mkononi mwake. Sisi tunaojisifu ubora ndiyo mahali petu, na wengi hata hatuombi kwa sababu hatuna karatasi moja ya kuambatanisha.

Jambo la mwisho ni wale wanaorudi. Watarudi, yule mteja aliyekupita akaenda kwa laki sita atakupigia Desemba usiku maji yanaingia chumbani kwa watoto. Usimsimange. Nimesikia mafundi wanasema "si ulinikimbia", halafu wanataja bei ya kukomoa. Huyo mtu kaumia tayari na anajua. Mimi natoza hela ndogo ya kupanda kukagua, naitaja kwenye simu kabla sijatoka nyumbani, nakwenda na kamba na tochi, nafungua bati mbili tatu, napiga picha kila ninachokikuta, nashuka namwonyesha. Halafu naandika vitu viwili: cha kufanya wiki hii ili watoto walale pakavu, na cha kufanya kiangazi akishapata hela. Akinipa kazi, ile hela ya ukaguzi naikata kwenye bili. Asiponipa, picha ni zake, aende nazo kwa fundi yeyote.